Shajara ya mradi: kuchagua kirusha waifai cha waya kwa nyumba ya mawe, Mji wa Kale, Mombasa

Jumamosi, 11 Januari 2025: Vipimo kabla ya kununua chochote

Nyumba inayohusika ina sehemu ya chini na orofa mbili. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, zenye unene wa karibu nusu mita, na dari zake ni za boriti zilizopangwa kwa ukaribu na kujazwa vifusi vya mawe na chokaa juu yake. Intaneti huingia kwa faiba, kifurushi cha megabiti 40 kwa sekunde, na kisanduku cha faiba chenye waifai yake kimefungwa sebuleni karibu na mlango wa mtaani, kwa kuwa hapo ndipo waya wa nje ulipofika bila usumbufu kwa fundi wa kampuni. Wanaoumia ni watu wa juu: mama yangu, ambaye chumba chake kiko nyuma ya orofa ya pili, na mimi mwenyewe, ninayefanyia kazi orofa ya kwanza na kuhitaji simu za video zisizokatika.

Nilipima kwa programu ya simu inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba hizi huwa hasi, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Tofauti ya 3 ni nusu ya nguvu, na tofauti ya 10 ni sehemu moja ya kumi. Simu ya video hutaka takriban -67 au zaidi ya hapo kuelekea sifuri, na ikishashuka hadi -80 na kitu, simu hubaki kuonyesha jina la mtandao tu bila mtandao wenyewe. Sebuleni, mbele ya kisanduku, nilipata -38. Kwenye ngazi za orofa ya kwanza nilipata -66 kwa bendi ya 2.4 GHz na -79 kwa bendi ya 5 GHz. Chumbani kwa mama, bendi ya 2.4 GHz ilisoma -86, na ile ya 5 GHz haikuonekana kabisa.

Pengo hilo baina ya bendi mbili ni la kutarajiwa, kwani mawimbi ya 5 GHz hupungua zaidi yanapopita katika ukuta kuliko yale ya 2.4 GHz, na jiwe la matumbawe lina vitundu vinavyohifadhi unyevu, na maji hunyonya mawimbi. Ndiyo maana ushauri wa jumla unaotolewa kwa nyumba za matofali ya saruji, kwamba ruta moja yenye nguvu ikiwekwa katikati inatosha, hauna faida hapa. Hata kama kisanduku kingehamishiwa katikati ya nyumba, bado dari mbili za vifusi zingebaki njiani.

Jumamosi, 18 Januari 2025: Ripita, na njia nyingine zisizodai waya mpya

Ripita, yaani kifaa kinachopokea waifai na kuirusha upya, ilinunuliwa kwa shilingi 2,800 na kuchomekwa ngazini, orofa ya kwanza. Kwa macho ilionekana kuwa imemaliza tatizo, kwa sababu simu ya mama ilijaza alama zote za waifai. Kasi iliyopimwa chumbani kwake, hata hivyo, haikuvuka megabiti 7, na simu ya video ilisitasita kila baada ya muda mfupi.

Sababu ziko mbili na zinafaa kuelezwa, kwa kuwa matangazo ya ripita hayazitaji. Kwanza, ripita ya bei hii ina redio moja kwa kila bendi, nayo haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja katika chaneli ileile. Kila kipande cha data hupokelewa kisha hurushwa upya, na hivyo muda wa hewani hugawanyika mara mbili. Pili, ripita hutoa kile inachopokea: ikiwa yenyewe inasikia kisanduku kwa -66 au -79, alama zilizojaa kwenye simu zinaeleza umbali kati ya simu na ripita tu, wala si kati ya ripita na intaneti. Vifaa vya mesh, yaani virusha kadhaa vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, vikiungana bila waya vina udhaifu wa aina hiyohiyo, ingawa vile vya bei kubwa huupunguza kwa kuwa na redio ya ziada ya kuwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe. Katika kuta hizi, redio hiyo ya ziada nayo ingelazimika kupita palepale.

Adapta zinazopitisha mtandao ndani ya nyaya za umeme sikuzijaribu. Orofa ya pili ina mita yake ya tokeni, tofauti na ya chini, na mawasiliano ya adapta hizo hudhoofika sana yanapovuka kutoka mita moja hadi nyingine.

Imebaki njia ya waya: kebo ya mtandao kutoka kwenye kisanduku hadi juu, na mwishoni mwake kifaa cha kurusha waifai.

Jumapili, 2 Februari 2025: Ruta ya zamani yatumika kama kipimo cha bure

Kabla ya kutoa fedha za kifaa kipya, nilitaka kuhakikisha kwamba waya wenyewe ndio dawa. Nilikuwa na ruta ya zamani ya bendi moja ya 2.4 GHz, yenye matundu ya megabiti 100. Nikanunua mita 40 za kebo iliyoandikwa Cat6 (daraja la ubora wa kebo ya mtandao), kwa shilingi 35 kwa mita, nikailaza ngazini kwa muda, na kuiunganisha ruta orofa ya kwanza.

Jaribio la awali lilichomeka kebo katika tundu la WAN, lile lenye rangi ya pekee ambalo kwa kawaida hupokea intaneti. Mtandao ulipatikana, lakini printa iliyo sebuleni ilitoweka kwenye kompyuta za juu, na televisheni ikakataa kupokea picha kutoka kwenye simu. Ruta ilikuwa imejitengenezea mtandao wake wa pili nyuma ya ule wa kisanduku, na vifaa vya pande mbili havikuweza kuonana. Hali hiyo huondoka kwa hatua tatu. Ruta ya zamani hupewa anwani isiyogongana na ya kisanduku (kisanduku changu ni 192.168.100.1, basi ruta nikaipa 192.168.100.2), kazi yake ya kugawa anwani, yaani DHCP, huzimwa ili kisanduku pekee kibaki mgawaji, na kebo huhamishiwa katika mojawapo ya matundu ya LAN, yale ya vifaa vya ndani ya nyumba, tundu la WAN likaachwa wazi. Mpangilio wa anwani ufanyike kabla ya kuhamisha kebo, vinginevyo wagawaji wawili watakuwa hai kwa pamoja na baadhi ya simu zitapata anwani zisizo na njia ya kutokea.

Matokeo: megabiti 38 orofa ya kwanza, na simu za video za saa nzima bila kukatika. Kwa mtu mwenye kifurushi kidogo na orofa moja ya kufikia, mradi ungeweza kuishia hapa bila gharama nyingine. Kwangu haukuishia, kwa sababu chumba cha mama kilisoma -78 kutoka hapo, na kwa kuwa bendi ya 2.4 GHz mtaani kwetu imejaa mitandao ya majirani, kiasi kwamba usiku kasi hushuka hata mtu akikaa karibu na ruta.

Jumamosi, 15 Februari 2025: Kebo iliyokataa kufika gigabiti

Hili ndilo lililokula muda mwingi kuliko yote. Kompyuta ya mpakato yenye tundu la gigabiti, ilipounganishwa kwenye kebo ileile, ilionyesha muunganisho wa megabiti 100 badala ya 1,000. Ruta ya zamani haikuwahi kufichua kasoro hiyo kwa kuwa yenyewe haivuki 100. Baada ya siku chache muunganisho ukaanza kukatika na kurudi.

Gigabiti hutumia nyaya zote nane za kebo, yaani jozi nne; megabiti 100 hutosheka na jozi mbili. Kwa hiyo kompyuta inapong'ang'ania 100, shaka ya kwanza iwe ni waya mmoja uliokatika au usioshika. Kipimaji cha kebo cha shilingi 700 kilionyesha taa ya 8 haiwaki. Nilikata kichwa na kubana kipya kwa mpangilio wa T568B (nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia), taa zote zikawaka, na baada ya siku mbili ya 8 ikazima tena.

Hapo niliukwangua waya mmoja kwa wembe. Juu ulikuwa na rangi ya shaba. Chini ya ukwanguo mmoja tu ulikuwa mweupe kama sufuria. Ulikuwa wa alumini iliyopakwa shaba, na ulipokunjwa mara chache ulikatika, ilhali waya wa shaba hukunjika mara nyingi kabla ya kukatika. Multimita ilithibitisha: nyaya mbili za kebo hiyo, za mita 30 kila moja, zilizounganishwa mwishoni na kupimwa kwa pamoja zilisoma omu 8.4, wakati shaba ya unene wa kawaida wa kebo hizi, yenye takriban omu 0.084 kwa mita, ingetoa kama omu 5. Alumini haishikwi vizuri na meno ya kichwa cha RJ45, hupata kutu yake haraka katika hewa ya chumvi kama ya hapa, na viwango vya Cat5e na Cat6 hudai waya wa shaba tupu. Maandishi ya Cat6 juu ya ganda yalikuwa maandishi tu.

Suala hili lingeweza kuahirishwa laiti kebo ingebeba data peke yake. Ila kirusha waifai cha darini hupokea na umeme kupitia kebo hiyohiyo, na waya wenye ukinzani mkubwa hupoteza volti njiani na kupata joto. Nilinunua mita 60 za Cat6 ya shaba kwa shilingi 75 kwa mita kutoka duka jingine, na safari hii muuzaji aliombwa akate inchi moja na kuikwangua mbele yangu kabla ya kupima urefu. Hakukataa, alisema mafundi wa kamera humwomba hivyo kila siku. Kompyuta ilisoma 1,000 mara moja, na haijashuka tangu hapo. Kebo ya mwanzo imebaki kuwa kamba ya kufungia miche ya mama kwenye roshani.

Jumamosi, 22 Februari 2025: Uchaguzi wa kifaa

Nilipoanza kulinganisha vifaa, nilijikuta nikifuata namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kama wafanyavyo wengi. Namba hiyo ni jumla ya bendi mbili ambazo simu moja haizitumii kwa pamoja. TP-Link EAP225, kwa mfano, huitwa AC1350 kwa kujumlisha megabiti 450 za bendi ya 2.4 GHz na 867 za bendi ya 5 GHz; EAP610 ya kampuni hiyo, iliyo ya Wi-Fi 6, huitwa AX1800 kwa kujumlisha 574 na 1,201. Namba zote nne ziko mbali juu ya kifurushi cha megabiti 40. Kwa hiyo niliigeuza orodha ya maswali: kasi ikawa swali la mwisho, na la kwanza likawa jinsi umeme utakavyofika kwenye kifaa.

Umeme wa kupitia kebo, ambao kwenye maboksi huandikwa PoE, uko wa aina mbili zisizofanana. Ule wa kiwango cha 802.3af huuliza kwanza: chanzo hutuma volti ndogo, hupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa takriban kilo-omu 25, na kikiupata ndipo huachilia umeme kamili wa hadi wati 15.4, ambao kifaa huhakikishiwa wati 12.95 baada ya hasara ya njiani. Ndugu yake mkubwa, 802.3at, hutoa hadi wati 30 kwenye chanzo. Aina ya pili, ambayo mara nyingi ni ya volti 24, haiulizi chochote. Umeme uko kwenye waya muda wote, na atakayechomeka kompyuta yake humo kwa kudhani ni kebo ya kawaida anaweza kuiunguza. Kifaa kinachodai 802.3at hakifai kununuliwa pamoja na swichi (kigawanyi cha kebo za mtandao) ya 802.3af, na kifaa cha 802.3af pekee hakiwaki kwa injekta (kifaa kidogo cha kuingiza umeme kwenye kebo) ya volti 24. Vifungashio havisaidii sana katika jambo hili, kwani vyote huandika PoE kwa herufi kubwa na kiwango chenyewe kwa herufi ndogo chini.

Umeme wetu hukatika, na kisanduku cha faiba tayari kinategemea UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya volti 12. Nilifikiria swichi ya PoE yenye matundu manne, ambayo ndiyo njia safi inayopendekezwa kila mahali, lakini swichi za aina hiyo hulishwa kwa adapta ya volti zinazozidi 50 kidogo, na UPS ndogo ya volti 12 haiwezi kuibeba. Ningehitaji UPS kubwa ya betri ya asidi yenye kutoa umeme wa volti 240, ambayo ni ghali, hupiga kelele na hula nafasi. Kwa upande mwingine, zipo UPS ndogo zenye tundu la PoE la volti 24 lisilouliza, zinazouzwa kwa watumiaji wa intaneti ya antena za darini. Kifaa chochote kinachokubali volti 24 kinaweza kuishi humo pamoja na kisanduku.

Kigezo hicho kimoja kilipunguza orodha vibaya sana. EAP610 hudai 802.3at au adapta ya volti 12 iliyochomekwa karibu nayo, jambo ambalo lingetaka soketi darini. Ubiquiti U6+ hupokea 802.3af, huuzwa bila injekta, na mipangilio yake hupitia programu ya kampuni. Ni kifaa kizuri, kwa nyumba yenye umeme wa uhakika. Zikabaki MikroTik cAP ac, inayokubali volti 17 hadi 57 pamoja na 802.3af, na EAP225, ambayo matoleo yake ya karibuni hukubali 802.3af na volti 24, na huja na injekta yake.

Kati ya hizo mbili, cAP ac ina uwezo mpana zaidi wa mipangilio. Niliiacha kwa sababu ya watumiaji: nikiwa safarini, atakayefungua ukurasa wa mipangilio ni mdogo wangu, naye anahitaji mahali pa kubadilisha nenosiri na chaneli, hahitaji mfumo mzima wa ruta wenye mamia ya machaguo. EAP225 hujitegemea bila seva ya usimamizi, huruhusu nguvu ya kurusha ishushwe kwa kila bendi, na huweza kutangaza jina la mtandao lilelile la kisanduku. Ni ya Wi-Fi 5, wala sioni hasara hapo, kwani simu nyingi za nyumbani ni za kizazi hicho. Mwenye kifurushi cha megabiti 300 na simu mpya asiufuate uamuzi huu. Kwake EAP610 au U6+ zitalipa.

Mbili zimenunuliwa kwa shilingi 9,200 kila moja, na UPS ndogo ya volti 24 kwa 5,500. Ramadhani inakaribia, na kazi ya kutoboa kuta itasubiri hadi baada ya Idi.

Jumamosi, 12 Aprili 2025: Kebo kupitishwa, na mahali pa kufunga

Kebo hazikupitishwa mbele ya nyumba, kwa sababu uso wa nyumba za Mji wa Kale haufai kuchezewa. Zimepandishwa ndani ya kiwanda, ule uwazi wa katikati unaoingiza hewa na mwanga, katika bomba la plastiki, mbali na nyaya za umeme. Kuna kebo mbili zinazoanza kwenye kisanduku, moja kwa kila orofa, na kila kirusha hupata umeme wake kutoka chini. Faida moja sikuitarajia wakati wa kuchora: tokeni za orofa ya pili zikiisha usiku, waifai ya mama haizimiki.

Fundi wa kutoboa aliukagua ukuta, akagonga kwa kidole, kisha akaizima ile sehemu ya mashine inayopiga nyundo. "Bwana, jiwe hili haligongwi. Ukiligonga, hapa utaingiza kebo, na upande wa pili utapata dirisha." Alitoboa polepole kwa kuzungusha tu, akianza na ncha nyembamba na kumalizia na ya milimita 16, na akautoboa kwa mteremko mdogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasifuate kebo kuingia chumbani. Alilipwa 2,500.

Mahali pa kufunga pamekuwa na jaribio lililoshindwa. Orofa ya kwanza ina kidaka cha zamani ukutani, na ilikuwa tamaa ya kila mtu nyumbani kifaa kikae humo kisionekane. Kilipowekwa, ofisi yangu iliyo mita 5 tu kutoka hapo ilisoma -71 kwa bendi ya 5 GHz, kwa sababu kidaka ni shimo lililozungukwa na jiwe pande zote isipokuwa mbele. Tena, kifaa cha darini kimeundwa kirushe mawimbi yake kwa upana kikiwa kimelala chini ya dari. Kikisimamishwa ukutani, sehemu kubwa ya mawimbi huelekea juu na chini, yaani kwenye vifusi. Kilihamishiwa darini kwenye makutano ya ngazi na ukumbi, kikafungwa kwa skrubu za mbao kwenye boriti, kwani plagi za plastiki hazishiki ndani ya chokaa iliyozeeka. Boriti ni ngumu kuliko inavyoonekana na huvunja skrubu. Itobolewe kwanza kwa ncha nyembamba. Ofisi sasa inasoma -52, na chumba cha mama, kwa kirusha chake cha orofa ya pili, kinasoma -47.

Jumamosi, 26 Aprili 2025: Mipangilio, na simu isiyotaka kuachia

Hatua za kawaida zilikwenda bila tatizo: programu ya kifaa ilisasishwa, nenosiri la usimamizi likabadilishwa, nchi ikawekwa Kenya, na vifaa vyote vikapewa jina moja la mtandao na nenosiri moja. Katika bendi ya 2.4 GHz, kisanduku kiko chaneli 1, orofa ya kwanza 6, na orofa ya pili 11, upana wa megahetsi 20, kwa kuwa chaneli hizo tatu haziingiliani. Kwa 5 GHz nimebaki kwenye chaneli 36 na 44 kwa upana wa megahetsi 40. Chaneli kuanzia 52 hadi 144 hudaiwa kusikiliza rada kwa dakika nzima au zaidi kabla ya kurusha, na kila umeme unaporudi dakika hiyo huwa na kelele za watoto.

Tatizo lilikuwa simu ya mama. Akipanda kutoka sebuleni, simu hubaki imeshikilia kisanduku cha chini kwa -80 na kitu, ilhali kirusha cha chumbani kwake kiko juu ya kichwa chake. Uamuzi wa kuhama ni wa simu, si wa mtandao, na simu za zamani huachia pale tu mawimbi yanapokaribia kufa. Nilianza kwa kuweka kikomo katika kila EAP225, kwamba simu yenye mawimbi chini ya -70 ifukuzwe. Dawa hiyo ilizidi ugonjwa: kikomo hakikukigusa kisanduku, ambacho ndicho kilichoshikiliwa, na kila aliyeingia bafuni orofa ya kwanza alifukuzwa na kurudishwa mfululizo.

Kilichofaa ni kushusha sauti ya anayesema sana. Nguvu ya kurusha ya kisanduku katika bendi ya 2.4 GHz ilishushwa hadi asilimia 40, na ile ya EAP225 zote mbili katika bendi hiyohiyo ikawekwa katika kiwango cha chini, huku 5 GHz ikiachwa katika kiwango cha kati. Kikomo kilirudishwa hadi -82. Simu ya mama sasa huhama kwenye ngazi. Simu ya video hukwama kwa sekunde moja au mbili wakati wa kuhama, nami nimeridhika na kiasi hicho.

Jambo la kuandikwa wazi: tundu la PoE la UPS ndogo hutumia nyaya za 4, 5, 7 na 8 kwa umeme peke yake, kwa hiyo kirusha cha orofa ya kwanza kimeunganishwa kwa megabiti 100, na kipimo cha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao wa ndani, kinatoa kama 93. Kebo ya shaba ya gigabiti niliyoitetea mwezi Februari haitumiki kikamilifu upande huo. Nimeikubali hasara hiyo kwa ajili ya umeme wa dharura. Vichwa vyote viwili vya kebo hiyo vimefungwa utepe mwekundu ulioandikwa VOLTI 24, ili mgeni asichomeke kompyuta yake.

Jumamosi, 10 Mei 2025: Gharama, masika, na kinachofuata

Jumla ni shilingi 38,750. Virusha viwili vimechukua 18,400, UPS 5,500, kebo ya shaba 4,500, fundi 2,500, mabomba 1,350, koleo la kubania 1,200, kipimaji 700, na vichwa vya RJ45 400. Ripita na kebo ya alumini, ambazo hazimo katika mfumo, zilichukua 4,200. Atakayeiga na kuanzia kwenye kebo ya shaba na kirusha kimoja kwa orofa moja atatumia chini ya nusu ya jumla hiyo.

Umeme ulipokatika wiki hii, kisanduku na kirusha cha orofa ya kwanza vilidumu kwa muda unaokaribia saa 2, na hesabu inakubaliana: betri ya milliampia-saa 8,800 kwa volti 3.7 ni kama wati-saa 32, matumizi ni takriban wati 13, na sehemu hupotea katika kugeuza volti. Kirusha cha mama, kinacholishwa na injekta yake, huzimika papo hapo. UPS ya pili ya aina ileile itaongezwa.

Mvua za masika zimeleta kipimo nilichokuwa nikikingoja. Ukuta wa nyuma umelowa, na chumba cha wageni kilicho nyuma yake, kilichosoma -61 mwezi Aprili, sasa kinasoma -66. Anayepima nyumba ya aina hii wakati wa kiangazi ajiachie akiba ya namba hizo.

Dada yangu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya kichochoro, ameomba aunganishwe. Kebo ya shaba inaweza kuvuka umbali huo bila shida ya kasi, kwani kikomo chake ni mita 100, lakini nyumba mbili zina ardhi (earth) mbili za umeme, na radi ikipiga karibu, waya huo ndio utakaokuwa njia ya kuunguza vifaa vya pande zote. Nimeagiza faiba ya mita 30 iliyokwisha kufungwa vichwa, pamoja na jozi ya vigeuzi vya faiba kwenda RJ45. Ingizo lijalo litaandikwa itakapokuwa imevuka kichochoro.